Bastola ya Ione na Silinda Zake Mbili

Jumanne ile Burl Hatcher alimkosa nyoka mara tatu, na risasi ya nne ikaingia kwenye tairi la gari lake mwenyewe. Nyoka akajikokota zake chini ya baraza, njuga za mkiani zikilia kwa dharau, na gari likakaa upande mmoja.

Ione, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Kicheko kilimfika kooni. Angekitoa, kama asingemwona mumewe anavyoigeuzageuza ile bastola yake kubwa, anaitazama kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Jua limenipiga machoni," Burl akasema.

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Ione akakunja kitambaa chake. Ndoa ndefu humfundisha mtu uongo gani wa kuuvalia njuga na uongo gani wa kuuacha upite na vumbi lake.

Lakini jioni ile Burl akampigia simu Randall, mtoto wao aliyeko mji wa Tulsa, akamwambia aje mwisho wa mwezi na lori, wanauza kila kitu. "Mwanamume asiyeweza kumuua nyoka wa mlangoni kwake hana mlango," akasema. Randall alifurahi mpaka akasahau kuaga. Alikuwa na muda mrefu anawabembeleza wahamie kwenye nyumba za wazee karibu na kwake, mahali penye lifti, penye mazoezi ya kufanywa umekaa kitini, na ambako kufuga kuku ni marufuku.

Ione hakutaka kwenda Tulsa. Tuliseme wazi kabisa, maana ndiyo habari yenyewe. Alizaliwa hapo hapo kwenye nyika ya Oklahoma, mahali ambapo upepo ukitulia watu wanatoka nje kuuliza kuna nini. Alijua kila nguzo ya uzio ule, nyingine aliichimbia shimo mwenyewe. Wazo la kuzeeka ghorofa ya nne akinusa mapishi ya jirani halikumwingia akilini.

"Mimi siendi," akamwambia Burl.

"Utaenda."

"Kwa sababu ya nyoka mmoja?"

"Sikiliza, mama." Burl alimwita mama tangu Randall alipozaliwa, na hakuna aliyemwambia aache. "Siku nyoka atakapouawa hapa na mtu wa nyumba hii, si jirani, si zimamoto, mtu wa nyumba hii, nitamwambia Randall abaki na lori lake. Umesikia?"

Alisema hivyo ili kumnyamazisha. Hakumjua mke wake vizuri, ingawa muda alikuwa amepewa wa kutosha.

Zamani Ione angelimaliza jambo hilo kwa jembe. Lakini jembe linataka usogee karibu, na magoti yake siku hizi yalisogea karibu tu, kurudi nyuma yalikuwa yanafikiria kwanza. Kwa hiyo Alhamisi akachukua hela zake za mayai akaenda mjini Tolliver, kwenye duka la silaha ambalo pia linauza chambo cha samaki na keki.

Muuzaji aliitwa Kip Doane, mwanamume mwenye ndevu nyingi na busara ya wastani. Alipomwona Ione akatabasamu, akainama chini ya kaunta, akaibuka na kibastola cha rangi ya waridi.

"Hiki wanawake wanakipenda sana, mama."

"Wanawake gani?"

Kip akatafuta jibu ndevuni, hakulipata. Ione akakichukua, akajaribu kuvuta kile chuma cha juu kiingize risasi. Vidole vyake vyenye baridi yabisi vikakataa kata kata.

"Hiki nitakivuta na trekta?"

"Basi labda kubwa kidogo." Akamletea bastola inayofanana na ya Burl.

"Hiyo tunayo nyumbani. Imeua tairi."

Ndipo alipoiona, ndani ya kioo, imelala pembeni: bastola ya mtindo wa zamani, mtutu mrefu kiasi, kitako cha mti wenye mistari myekundu. Nyundo yake unaivuta kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Kando yake, kwenye kifuko, kulikuwa na silinda ya pili, lile gurudumu lenye matundu ya kutilia risasi.

"Aaa, hiyo ni ya kupigia makopo," Kip akasema, akicheka. "Tena ya polepole. Kila risasi uvute nyundo kwanza."

"Nina miaka sitini na sita, mwanangu. Haraka ya kwenda wapi?"

Kip akafungua kioo. Akaitoa, akachomoa kijiti cha chuma kilicho mbele, silinda ikamwangukia kiganjani. Akamweleza. Silinda hii inakula risasi fupi, za bei ya karanga, unapiga mchana kutwa na bado una hela ya keki. Silinda ya pili inakula risasi ndefu, unene karibu ule ule lakini hasira zaidi, za kumnyamazisha mbweha au nyoka. Bastola moja, tabia mbili.

"Ila kila silinda na chakula chake, mama. Ukitia ndefu kwenye ya fupi, hazitaingia, shukuru Mungu. Ukitia fupi kwenye silinda ya ndefu zitaingia, hazitalalamika, halafu zitakuaibisha mbele za watu."

Ione akaichomoa silinda mwenyewe, akaweka nyingine, akachomoa tena, mpaka mikono ikazoea na Kip akaanza kutazama saa. Zilikuwepo bastola nyingine za namna hiyo, nyeusi na za kung'aa, za mtutu mfupi na mrefu. Alichagua kama anavyochagua tikiti maji, kwa kupima uzito na kusikiliza. Ya kung'aa ilikuwa na nyundo inayokwaruza, akairudisha. Ile nyeusi ya kitako cha mti ilipovutwa ililia safi, na mtutu ukabaki umetulia kwenye mkono wake mgonjwa bila kumwelemea.

"Hii," akasema.

Kip akapiga simu serikalini kama sheria inavyotaka, na serikali ikajibu kwamba Ione Hatcher hajawahi kumuua mtu. Bado.

Loo, alivyoipenda! Hakutarajia. Alinunua kitu cha kazi, akajikuta na kitu cha raha. Kila siku akishawalisha kuku alipanga makopo ya maharage juu ya uzio, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua kimlango cha pembeni na kutia risasi kama wazee wa huko wanavyofundishana: pakia moja, ruka moja, pakia nne, nyundo ishukie kwenye tundu tupu. Bastola za siku hizi hazihitaji tahadhari hiyo, lakini jaribu kumwambia mtu wa kule. Kisha gumba, nyundo, pa! Kopo linaruka. Hakuna kishindo cha kukutoa meno, hakuna teke la bega. Pa, na kopo. Pa, na hewa, kwa sababu Ione naye alikuwa anajifunza. Akikosa alitukana kidogo, akipata alicheka peke yake, na kuku walimzoea.

Burl alimtazama kutoka barazani na chai yake ya barafu.

"Bunduki ya kuulia viroboto hiyo!"

"Basi usisogee karibu!"

"Ungemwomba mtu anayejua akuchagulie!"

"Aliyeko hapa anayejua ameua tairi!"

Siku ya tatu ya matusi hayo alishuka barazani, eti kunyoosha miguu. Ya nne akasahihisha mkao wake, vibaya. Siku ya tano Ione akaenda kanisani kwenye kikao cha akina mama, kikao cha kujadili nani alete pai gani, kinachoweza kuvunja urafiki wa maisha. Burl akabaki peke yake na bastola juu ya meza ya jikoni.

Ione aliporudi, makopo yote yalikuwa yamesimama juu ya uzio, hakuna hata moja lililokwaruzwa. Burl alikuwa amekaa kwenye ndoo, boksi la risasi tupu miguuni.

"Mwambie Randall asingoje mwisho wa mwezi," akasema bila kugeuka. "Aje hata kesho. Nimekwisha, mama. Boksi zima. Hata kopo moja! Nikimaliza kuua matairi nitaua mtu."

Ione hakuwahi kumsikia akisema "nimekwisha" juu ya kitu chochote isipokuwa sahani ya chakula. Akainama aokote maganda, kwa sababu mtu akiwa hajui la kusema huokota vitu. Akaliangalia ganda la kwanza. Limevimba na kupasuka ubavuni. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa limefunguka kama ganda la njegere.

"Burl."

"Niache."

"Burl, mzee wangu, umetia fupi kwenye silinda ya ndefu."

Burl akageuka. Ione alikuwa ameibadilisha silinda asubuhi, akaijaribu ile ya pili kidogo, akaiacha humo humo. Na Burl Hatcher, aliyeshika bunduki kabla hajavaa viatu, aliyeifundisha nusu ya wilaya kulenga shabaha, alikuwa amemwaga boksi zima la risasi zilizokuwa zinacheza rumba ndani ya tundu lisilo lao. Zimekwenda Texas, zimekwenda Kansas, ila kwenye kopo tu.

"Miaka yote hii unanihubiria bunduki!" Ione akasema, na sasa akacheka, akacheka mpaka akashika uzio. "Makubwa! Bunduki ya viroboto imekushinda!"

Burl naye akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka machozi, na Ione hakutaka kuchunguza ni ya nini.

Akaweka silinda sahihi, akampakia, akampa. Burl akapiga. Makopo mawili yakaanguka katika matano.

"Mawili si matano," akasema.

"Mawili si sifuri."

Burl akaishusha bastola. "Katikati hamna kitu, Ione. Nikitazama kitu, kinafutika. Kando naona. Nikikutazama usoni naona masikio."

Basi, limetoka. Ione alikuwa anajua siku nyingi. Dawa za macho zilizofichwa kwenye sanduku la spana zilikuwa zimemwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wake ameumbuliwa na tairi, bahati yake.

"Masikio yangu ni mazuri lakini," Ione akasema.

"Hayajawahi kuwa na kasoro."

Siku iliyofuata Ione akarudi kwa Kip.

"Ipo risasi," akauliza, "ya mtu anayeona kando tu, katikati haoni?"

Safari hii Kip hakucheka. Alikwenda nyuma, akarudi na boksi dogo. Risasi ndefu, kichwani zina kikofia cha plastiki cha buluu, na ndani ya kikofia chembe za risasi ndogo kama punje za ulezi, rundo zima. Zinatumika kwenye silinda ya pili. Zikitoka zinatawanyika, usitazamie maajabu ukiwa mbali zaidi ya hatua chache, lakini kwa nyoka wa karibu hazihitaji shabaha ya malaika.

"Ni za nani, mama?"

"Za nyoka," Ione akasema, akalipa.

Mpango wake ulikuwa rahisi: atamuua nyoka mwenyewe. Yeye pia ni mtu wa nyumba hii. Akaweka silinda ya pili, akaijaza vile vikofia vya buluu, akaitia bastola kwenye mfuko wa aproni, na kuanzia hapo akawa anakanda unga, anaosha vyombo na kusali akiwa na silaha. Mwezi ukawa unakwisha. Nyoka hakuonekana. Randall akapiga simu kusema lori ameshapata, anakuja Ijumaa.

Alhamisi asubuhi kuku wakapiga kelele. Ione akatoka. Nyoka yule alikuwa amejiviringisha kando ya bomba la maji, chini kabisa ya ngazi, kichwa juu, mkia unalia. Mnene kuliko alivyomkumbuka. Ione akatoa bastola, akavuta nyundo. Akalenga. Alimwona nyoka mzima mzima, kila gamba, na kwenye ncha ya mtutu aliiona nyumba yake imebaki, kuku wamebaki, upepo umebaki.

Mlango ukalia. Burl alikuwa ametokea barazani na soksi, ameifuata ile njuga. Hakuwa na bastola. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya siku hizi, anatafuta kwa pembe ya jicho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kutazama jinsi kazi yake inavyofanywa na mwingine.

Ione akaelewa, palepale, na ikamkasirisha kuelewa. Akipiga yeye, nyumba itabaki. Burl ndiye atakayekwenda Tulsa, hata kama makalio yake yatabaki kwenye kiti kile kile cha barazani. Mwanamume huyu na kiburi chake cha punda! Akairudisha nyundo taratibu kwa gumba, akapanda ngazi kinyumenyume, magoti yakilia kuliko nyoka.

"Mzee, mkono umekufa ganzi. Shika."

"Simwoni, Ione."

"Msikilize. Ameshikana na bomba. Usimtazame yeye, itazame ile ndoo iliyo karibu naye, atakuja pembeni."

"Nikikosa?"

"Ukikosa tutakwenda Tulsa na utafanya mazoezi ya kitini. Piga!"

Burl akatazama ndoo. Gumba likavuta nyundo. Pa! Nyoka akarushwa nyuma, akajipiga chini, akajisokota, akaanza kusahau alichokuwa anafanya, akatulia.

"Nimempata?"

"Umempata."

"Risasi moja?"

"Risasi moja, mzee."

Burl akamrudishia bastola. Kisha akaingia ndani, akampigia Randall, akamwambia lori alirudishe, na tafadhali asimsumbue mama yake tena na habari za lifti. Ione alisikia sauti ya Randall ikilalamika jikoni kote. Haijapata kutokea sauti tamu namna hiyo.

Kule nyoka wa namna hiyo hatupwi. Anachunwa, ngozi inakaushwa, inazungushwa kwenye kofia, na mwenye kofia anatembea akingoja kuulizwa. Ione alijitolea kumchuna. Alijitolea mara moja, kwa bidii iliyozidi kiasi.

"Hapana," Burl akasema. "Kuchuna ni kazi ya vidole. Vidole bado ninavyo."

Akakaa kivulini na kisu kidogo, akipiga mluzi. Ione alikuwa dirishani anakoroga mchuzi mweupe wa kulia biskuti, vile vimikate laini vya huko, macho yakiwa kwa Burl. Akamwona akiivua ngozi kama soksi. Akamwona akiinyoosha juu ya ubao, gumba likipita juu yake kutoka mkiani kwenda kichwani. Mluzi ukakoma. Gumba likarudi nyuma, likapita tena, polepole. Burl akaiinua ngozi, akaielekeza kwenye jua, akageuza kichwa upande, akaitazama muda mrefu kwa pembe ya jicho.

Mchuzi ukaungua. Waliula hivyo hivyo na Burl hakusema neno, si la mchuzi, si la ngozi. Ione akalala akijua kwamba asubuhi simu itapigwa tena Tulsa, na safari hii lori litakuja kweli, na kosa litakuwa lake na vile vikofia vyake vya buluu.

Simu haikupigwa. Siku zikapita, ngozi ikakauka. Jumamosi Burl akavaa shati safi na ile kofia, utepe mpya umezunguka, akasema wanakwenda Tolliver kununua chakula cha kuku.

Kwenye duka la chakula cha mifugo, karibu na jiko la kuni lisilowashwa, wazee wa wilaya hukaa na kahawa isiyofaa na habari zisizowahusu. Mkubwa wao kwa mdomo ni Leland Boggs, jirani wa Hatcher, mtu aliyeoa mara tatu na kuachwa mara nne, ukihesabu na mbwa. Ione alijificha nyuma ya magunia, akajifanya anasoma maandishi ya pumba.

"Tunasikia risasi moja, Burl!" Leland akasema.

"Moja."

"Kwa macho yapi? Tairi lako tumeliona!" Wazee wakacheka. Leland akainuka, akasogea na kikombe chake, akaitolea macho kofia. "Hebu ngoja. Risasi moja? Mbona ngozi yenyewe imetoboka kama chekecheke?"

Kicheko kikakatika. Ione alishika gunia. Alitamani kutokea na kusema lolote, kwamba ni panya, ni nondo, ni yeye.

Burl akavua kofia. Akapitisha gumba juu ya vile vitundu, bila haraka.

"Macho yangu yamekufa, Leland. Yana mwaka sasa. Nisingempiga hata ng'ombe, na wewe unajua ng'ombe alivyo." Akairudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Mke wangu ndiye anayenipakia. Wewe nani anakupakia?"

Leland akarudi kitini na kikombe chake.

Ione alitoka nyuma ya magunia, pua inamtoka kamasi, hajali nani anaona. Burl alimsikia, akageuka akatazama kidogo kando ya uso wake, kwenye sikio, kama kawaida. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za gari. Tangu waoane hajawahi kumwachia usukani yeye yupo ndani. Hata siku Ione alipokuwa na uchungu wa Randall, aliyeendesha ni Burl.

"Haya, mama," akasema mbele ya watu wote. "Endesha wewe."

Ione akazipokonya kabla hajabadili mawazo, kwa sababu asubuhi ile Burl alikuwa amewaleta mjini kwa kupitia katikati ya shamba la mtama la Leland.